Kadi Moja, Ukoo Mzima: Hadhi na Undugu katika Meli za Kitalii

Katika meli za kitalii za siku hizi hadhi huuzwa kwa chumba, ilhali familia husafiri kwa ukoo, na sehemu kubwa ya masaibu yanayozipata familia baharini, ukiacha kichefuchefu na kuunguzwa na jua, hutokana na tofauti hiyo moja. Abiria aliyelipia chumba cha hadhi, yaani makazi yenye sebule yake, chumba cha kulala, bafu kubwa na roshani inayotazama maji, hukabidhiwa pamoja na ufunguo wake orodha ndefu ya haki. Haki hizo hawanazo ndugu zake waliolipia kabini za kawaida, yaani vyumba vyenye kitanda, kabati, na nafasi ya kumtosha mtu mmoja kuvaa suruali iwapo mwenzake atakubali kukaa kitandani kwanza. Kwa mujibu wa kanuni za kampuni, hao ni wateja wa aina mbili. Kwa mujibu wa mama mkwe, hao ni watu waliokula sufuria moja tangu utotoni, na hakuna karatasi iliyotiwa saini katika ofisi za kampuni huko Miami inayoweza kubadilisha jambo hilo.

Utengano wa abiria melini si mpya. Titanic, iliyong'oa nanga Southampton mwezi Aprili 1912, ilikuwa na madaraja matatu, na malango yaliyowazuia abiria wa daraja la tatu kuchanganyika na wengine yaliwekwa kwa sababu ya sheria za uhamiaji za Marekani, zilizotaka wahamiaji watengwe kwa kuhofia magonjwa. Wala daraja la juu halikuwa dhamana ya nafasi, kwani Charles Dickens, aliyevuka Atlantiki mwaka 1842 kwa meli ya Britannia ya kampuni ya Cunard, aliandika kwa kejeli nyingi juu ya udogo wa chumba alichouziwa kwa jina la fahari. Utalii wa baharini ulipoanza kushamiri kutoka Miami katika miaka ya 1960 na 1970, meli nyingi zilijinadi kuwa za daraja moja: vyumba vilitofautiana, lakini meza, kumbi na mabwawa ya kuogelea vilikuwa vya wote.

Usawa huo haukudumu. Mwaka 2008 kampuni ya MSC ilizindua meli ya MSC Fantasia ikiwa na eneo lililotengwa liitwalo Yacht Club. Norwegian Cruise Line ina eneo lake liitwalo The Haven. Kampuni ya Celebrity ina mkahawa wa Luminae, ambao ni wa wakazi wa vyumba vya hadhi. Na katika Queen Mary 2 ya Cunard, iliyoanza safari zake mwaka 2004, aina ya chumba ndiyo inayoamua abiria ale katika mkahawa upi. Wenye biashara hii huuita mpango huo meli ndani ya meli. Lango la chuma la mwaka 1912 limekuwa mlango wa kioo, na baharia mwenye sauti nzito aliyekuwa akililinda amekuwa kimashine cha kusomea kadi za vyumba, chenye taa nyekundu, kinachomwambia mjomba mbele za watu jambo ambalo katika ukoo wake hajapata kuambiwa na mtu yeyote aliye hai.

Ni familia chache sana zinazopanga kugawanyika pande mbili za mlango huo kwa makusudi. Mara nyingi babu na bibi, waliokwisha kusomesha na kuozesha, huamua kuadhimisha miaka ya ndoa yao katika chumba cha hadhi, huku watoto wao, ambao bado wanasomesha na hawajaozesha, wakinunua kabini za ndani, yaani zile zisizo na dirisha, ambamo saa tisa za usiku na saa tisa za mchana hufanana kabisa. Ipo pia njia ya zabuni, ambapo kampuni humruhusu abiria mwenye kabini ya kawaida kutaja kiasi cha pesa alicho tayari kuongeza ili ahamishiwe chumba kikubwa kilichobaki bila mtu. Ndugu anayetoa zabuni kwa kawaida haitangazi, kwa hoja kwamba huenda asipate, na akipata haitangazi pia, kwa hoja kwamba wataonana huko huko; matokeo yake ni kuwa ukoo huipata habari bandarini, pale mmoja wao anapoelekezwa kwenye foleni fupi yenye zulia.

Msomaji wa Tanzania ataielewa hali hii kwa kuifikiria kadi ya harusi. Kadi ya singo humruhusu mtu mmoja na ya dabo huwaruhusu wawili, na kila mwanakamati anajua kwamba mwenye singo anaweza kufika ukumbini na mke, watoto wawili na mpwa aliyekuwa anapita tu. Lakini mlangoni mwa ukumbi wa harusi husimama mtu, na mtu huyo ana mama, ana kijiji, na huenda alisoma na mpwa huyo. Kimashine cha kusomea kadi melini hakina kwao.

Haki za chumba cha hadhi zinaweza kugawanywa katika mafungu matatu kwa kuangalia mahali zilipo, na kila fungu lina ajali zake.

Fungu la kwanza ni haki zilizo ndani ya mlango wa chumba chenyewe: sebule, roshani, mashine ya kahawa, beseni la kuogea, na huduma ya mtumishi maalumu anayepangiwa vyumba vichache na ambaye, pamoja na kazi nyingine, huleta vitafunwa kila alasiri. Hizi ndizo haki zinazogawanyika kwa urahisi, kwa kuwa abiria kwa kawaida anaruhusiwa kukaribisha wageni chumbani mwake. Tatizo lake ni wingi wa uhalali. Siku ya kwanza ndugu hubisha hodi; siku ya pili huingia na kubisha kwa wakati mmoja; na kufikia siku ya tatu sebule imekuwa na shughuli za kituo cha mabasi, taulo za kuogelea zimeanikwa kwenye kila kiti, watoto wamelala mbele ya televisheni, na mwenye chumba anauliza kwa upole kama kuna anayetumia kitanda. Waswahili husema mgeni njoo mwenyeji apone, lakini waliosema hivyo hawakuwa wamempima mwenyeji anayesubiri zamu ya bafu lake mwenyewe. Mtumishi naye, aliyeanza safari kwa kuleta sahani ya watu wawili, hukuta watu kumi na mmoja, akaenda kuongeza, akarudi na kukuta kumi na watatu, na mwisho wa safari anastahili bakshishi ambayo wale kumi na mmoja wa ziada huona kwamba, kwa haki kabisa, inamhusu mwenye chumba.

Fungu la pili ni haki zilizo nyuma ya mlango mwingine: ukumbi wa mapumziko, mkahawa wa pekee, na sehemu ya sitaha yenye vitanda vya jua ambavyo havigombewi alfajiri. Hapa kanuni hukaza, na hapa ndipo akili ya ukoo hufanya kazi kuliko kawaida. Mbinu ya kwanza ni kuazimana kadi. Mbinu hiyo huanguka kwa sababu katika meli nyingi kadi ikisomwa, picha ya mwenyewe hutokea kwenye skrini ya mhudumu, na mhudumu anayemwona mzee wa miaka sabini mwenye upara kwenye skrini, na mbele yake amesimama shemeji wa miaka thelathini aliyesuka nywele, hana budi kuuliza swali moja au mawili. Mbinu ya pili ni usafirishaji: mjomba mwenye haki huingia na kutoka mara nane akibeba kahawa mbili mbili, kwa utaratibu ambao forodha ya nchi yoyote ingeushuku, hadi anapogundua kwamba tangu asubuhi yeye mwenyewe hajanywa kitu.

Mbinu ya tatu ndiyo ya kisomi zaidi, nayo ni kugawa majina kwenye karatasi. Kwa kuwa hadhi hufuata majina yaliyoandikishwa chumbani, familia yenye chumba kimoja cha hadhi na kabini moja ya kawaida humwandika mzazi mmoja wa kila upande katika chumba cha hadhi, ili walau kila kambi iwe na mtu wake ndani ya mlango wa kioo, kisha usiku kila mtu akalala anapolala. Mpango huu huonekana bila dosari mpaka unapogongana na kanuni nyingine. Kampuni kadhaa kubwa hudai kwamba mtu mzima mmoja akinunua kifurushi cha vinywaji, yaani malipo ya awali yanayomwezesha kunywa pombe bila kulipia kila glasi, basi watu wazima wote walioandikishwa chumba hicho wanunue pia, ili kifurushi kimoja kisinyweshe wawili. Hivyo ndivyo shangazi asiyejua hata harufu ya bia, aliyehamishiwa kwenye karatasi ya shemeji kwa ajili ya kuokoa haki za watu wengine, hujikuta akilipia kinywaji cha wiki nzima, na hulazimika kuirudisha gharama hiyo kwa juisi ya nanasi, glasi moja baada ya nyingine, kwa uso wa mtu anayetekeleza hukumu.

Fungu la tatu ni haki za foleni, yaani kutangulia kupanda, kutangulia kushuka, na kutangulia kwenye boti ndogo zinazowapeleka abiria nchi kavu pale ambapo meli hutia nanga mbali na ufuko, kama inavyokuwa George Town katika kisiwa cha Grand Cayman. Kama ndugu wa kabini za kawaida wataruhusiwa kuambatana na mwenye hadhi hutegemea sana hisani ya mhudumu wa siku hiyo. Ajabu ya fungu hili ni kwamba faida yake hugeuka hasara mara tu inapotumiwa ipasavyo. Babu anayepitishwa mbele ya watu wote na kupanda meli saa tano asubuhi hutambua, akiwa ameketi na kinywaji baridi, kwamba pasipoti za wajukuu wote zimo katika mkoba wake. Na yule anayeshushwa kwa boti ya kwanza huko George Town hupata, kama thamani kamili ya pesa zake, saa nzima ya kukaa juani kwenye benchi la gati akiwasubiri wenzake wa boti ya tano.

Si haki kuidhani kanuni yenyewe kuwa ni uchoyo mtupu. Ukumbi wa wenye hadhi huwekewa viti kwa hesabu ya wakazi wa vyumba hivyo, na kama kila mmoja angeingia na wakwe, wapwa na jirani waliyekutana naye kwenye lifti, ukumbi ungekuwa bafe ile ile ya ghorofa ya juu, ila kwa bei ya juu zaidi. Isitoshe, wale wanaoonekana wametulia humo na magazeti yao nao wana ukoo; wamewaacha wa kwao nje, wamekwisha kulipa kwa lawama, na hawaoni sababu ya wengine kuingia bure. Waswahili wana methali isemayo undugu ni kufaana, si kufanana. Kadi ya meli hufuata mafundisho ya kinyume: kwake kufaana hakuhesabiwi, na wanaotambulika kuwa wamoja ni wale tu ambao namba zao za chumba zinafanana.

Kwa hiyo aliyenunua chumba cha hadhi akiwa safarini na ukoo hakununua mapumziko. Amenunua cheo, na cheo kina ofisi, na ofisi haikosi waombaji. Ataamua nani ataingia roshani jua linapozama, atatoa sababu kwa waliokosa, atasuluhisha kati ya aliyepelekewa kahawa na aliyeahidiwa, na atasikia, kupitia kwa mtu wa tatu, kwamba siku hizi amebadilika.

Bahari, kwa upande wake, huvunja daraja hizo kila ipatapo nafasi. Mwaka 1972 Mardi Gras, meli ya kwanza ya kampuni ya Carnival, ilikwama kwenye mchanga ikitoka Miami katika safari yake ya kwanza, na mwenye chumba kikubwa alikwama sawasawa na asiye na dirisha. Baada ya ajali ya meli ya kitalii ya Costa Concordia ya Januari 2012, kanuni za kimataifa za usalama zilibadilishwa, na tangu 2015 abiria wapya wa vyumba vyote hutakiwa kupewa maelekezo ya kujiokoa kabla meli haijaondoka au mara tu inapoondoka. Babu, aliyekuwa ameanza kuzoea kuulizwa kila baada ya dakika kumi kama angependa kitu kingine, kwenye maelekezo hayo haulizwi.

Kisha yapo mawimbi. Mwendo wa meli katika bahari iliyochafuka huwa mdogo zaidi chini na katikati, na huongezeka kadiri mtu anavyopanda juu na kusogea kuelekea omo, yaani mbele, au tezi, yaani nyuma. Vyumba vingi vya hadhi vipo juu, na baadhi vipo mwisho kabisa mbele au nyuma, ambako mandhari ni bora na tumbo ni la kuhurumiwa. Kabini za bei ndogo, chini na katikati, ndizo zinazolala usingizi. Mabaharia wa pwani ya Waswahili walikwisha kulimaliza suala hili kwa methali waliposema kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani, ngama ikiwa ni ile sehemu ya chini ndani ya chombo. Usiku wa dhoruba ndipo msafara wa ugeni hubadili mwelekeo: mwenye cheo hushuka ngazi ghorofa nane akiwa na mto wake mkononi, hubisha hodi kwa adabu ambayo sebule yake haijaiona tangu siku ya kwanza, na mkwe wake humfungulia bila kinyongo, ila baada ya kumwomba kwanza amwonyeshe kadi.