Filta Isiyokuwepo

Kwenye vijiwe vya Mbagala na Tandika, injini ya bodaboda ikinoki, mshitakiwa wa kwanza ni filta feki. Hana wakili, hana mdomo, na mara nyingi ameshatupwa jalalani kabla kesi haijaanza. Naona anaonewa. Feki zipo, tena tele, lakini kabla ya kuuliza filta ipi ni imara kuna swali ambalo wengi huliruka kama dimbwi: hiyo pikipiki ina filta?

Swali si la kejeli. Pikipiki nyingi za Kichina za cc 125, hizi zinazopakia abiria wawili na gunia la mkaa kutoka Chamazi mpaka Bunju, zina injini iliyoigwa kutoka Honda CG125 ya mwaka 1976. Honda waliibuni kwa makusudi ivumilie nchi ambako matengenezo husubiri chombo kizime kwanza. Maana yake kuna wahandisi Japani waliotujua tabia kabla wengi wetu hatujazaliwa, na wakatusitiri. Ndani ya injini hiyo hamna filta ya karatasi. Kuna chujio la wavu huko chini, linalodaka vipande vikubwa, na kuna kikombe kilichofungwa kwenye ncha ya krenki. Krenki ikizunguka, uchafu hurushwa kwenye kuta za kikombe na kuganda humo kama ukoko wa wali. Kukisafisha sharti ufungue kava la upande wa klachi, na hiyo ni kazi ya jasho. Basi fundi humwaga oili, hutia mpya, hujifuta mikono, na kwenye hesabu hutaja “na filta”. Mteja amelipia kitu ambacho Honda wenyewe hawakukiweka. Hiyo ndiyo feki kuliko feki zote, maana hata boksi haina.

Zipo pikipiki zenye filta ya karatasi hasa, na hapo ubovu huja kinafiki. Tairi likipasuka Mwananyamala, mtaa mzima unajua. Filta ikiziba, hakuna anayegeuka. Kwenye injini yenye valvu ya dharura, oili hupita pembeni bila kuchujwa, na safari inaendelea vizuri kabisa huku mchanga wa Mbande ukisugua ringi. Tena oili ya pikipiki nyingi haina mapumziko: lita moja hivi ndiyo inayohudumia pistoni, gia na klachi kwa pamoja, kama beseni moja la kuogeshea watoto watatu waliotoka kucheza matopeni. Vumbi la klachi na chembe za gia vyote vinaishia kwenye kile kikaratasi kilichokunjwakunjwa. Halafu kuna filta nzima, halali, iliyofungwa kinyume: upande wenye tundu umetazama kusikotakiwa, oili inakosa njia, na injini inakufa kwa kiu huku imejaa oili. Kuna oringi ya zamani iliyorudishwa kwa kuwa “bado ina uhai”. Makosa yote haya hupewa jina moja, filta feki, na muuza spea Gerezani hutukanwa akiwa hayupo.

Si kwamba muuza spea ni malaika. Pale kuna orijino, kuna orijino namba mbili, na kuna jenyuini, ambayo ni orijino iliyopandishwa cheo. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, lakini filta mbaya siku hizi hukaa rafuni imevalishwa kama bibi harusi. Tume ya Ushindani inazo nguvu za kukamata bidhaa bandia, kwa Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, ila haiwezi kusimama nyuma ya kila mteja. Mimi ningeachana na boksi nikamtazama bibi harusi mwenyewe. Namba ya spea ilingane na ya kitabu cha pikipiki. Mikunjo iwe mingi na sawia, gundi isiwe na mapengo, mpira uwe laini, na ukiiweka kando ya ile ya zamani, kimo na tundu vifanane. Duka linalokataa usiifungue boksi limeshakujibu.

Kuna watakaosema oili ikibadilishwa mapema, filta haina umuhimu. Wana nusu ya haki, na kwa injini ya CG wana zaidi ya nusu. Lakini wanaosema hivyo ndio hao wanaoiosha ile ya karatasi kwa petroli, wakaipuliza kwa mdomo na kuirudisha. Karatasi haifuliki, hata ukiianika Kariakoo nzima. Wengine watamtaja jamaa wa Kongowe ambaye hajabadilisha filta miaka mitatu na bado anapeleka hesabu kwa bosi kila siku. Sawa, ila zile zilizonoki hazipo kijiweni kutoa ushahidi. Na bei? Linganisha filta na kutoboa blok, pistoni mpya, ringi, na siku ambazo hesabu ya bosi inadaiwa hata kama pikipiki imelala kwa fundi.

Kinachobaki ni kudai cha zamani mkononi, kiwe kikaratasi kilichotolewa au ukoko uliokwanguliwa kwenye kikombe. Fundi asipokuwa na cha kukuonyesha, tazama vizuri anachokudai hela yake.