Ngeli za Sonona: Sarufi Fupi ya Kichwa Kilichochoka

Wanasarufi wamezipanga nomino zetu katika ngeli, lakini fikra za mtu mwenye sonona zimeachwa zikitangatanga bila mwenyewe. Makala haya yanaziba pengo hilo la kitaaluma.

Ngeli ya SIJUI–SIKUMBUKI. Hujumuisha funguo, ahadi na sufuria iliyosahaulika jikoni hadi ikaungua. Msemaji husoma ukurasa mmoja mara tatu, asiambulie kitu. Majirani huiita uvivu. Wataalamu husema sonona hudhoofisha umakini, na jambo lisiloingia kichwani sawasawa halikumbukiki. Ndiyo maana dodoso la PHQ-9 la kupima sonona, pamoja na kuuliza huzuni na usingizi, huuliza pia kama umeshindwa kutuliza akili katika wiki mbili zilizopita.

Ngeli ya DAIMA–KAMWE. Haina umoja; kila kosa huzaliwa likiwa katika wingi. Muulize msemaji alifurahi lini, atajibu "sijawahi", ingawa kwenye harusi ya binamu yake alicheza mpaka kiatu kikakatika. Mwaka 1986 mwanasaikolojia Mwingereza Mark Williams na mwenzake walionyesha kwamba watu waliojaribu kujiua, wakitakiwa kukumbuka tukio moja mahsusi, mara nyingi hutoa majibu ya jumla tu; baadaye hali hiyo ilionekana pia kwa wenye sonona.

Ngeli ya NINGE–NINGALI. Huzungumzwa zaidi saa nane za usiku. Ningesema vile, ningalikwenda kule. Mwanasaikolojia Susan Nolen-Hoeksema wa Marekani aliitafiti kwa miaka mingi, akaona kuwa kuyarudiarudia hayo huirefusha sonona badala ya kuitatua.

Ngeli ya MIMI–TU. Hapa upatanisho wa kisarufi huvunjika kabisa. Mwenzake akichelewa: "Pole, najua foleni." Akichelewa yeye: "Mjinga mkubwa mimi." Kosa ni lilelile, viambishi ni viwili. Katika miaka ya 1960, Aaron Beck, daktari wa akili wa Philadelphia, aligundua kwamba fikra hizi huja zenyewe, na mgonjwa huziamini bila kuzidai ushahidi. Tiba aliyoibuni humfundisha kuudai.

Hitimisho: makosa haya ni ya ugonjwa, si ya msemaji, na husahihishika kwa tiba ya mazungumzo, kwa dawa, au kwa vyote viwili. Hali ikidumu wiki mbili, nenda kituo cha afya. Na rafiki yako akisahau miadi kwa mara ya tatu, muulize anaendeleaje kabla hujamwita mvivu.