Msomi Hashiki Jembe

Nilipoolewa nilifundwa mengi. Niliambiwa namna ya kumpokea mume mkoba, namna ya kunyamaza akirudi kachoka, na namna ya kukaa na mawifi bila damu kumwagika. Hakuna kungwi hata mmoja aliyenidokeza kwamba mwanamume aliyekulia shambani ndiye wa mwisho kutaka kuliona shamba. Hilo nimelijua nikiwa ndani, na mahari imeshaliwa.

Mimi ni mtoto wa Keko. Tumekulia chumba kimoja na ua wa wapangaji. Jembe nililijua kwenye nembo ya Taifa, limepishana na shoka, na kwenye bendera ya chama, limepishana na nyundo. Mwenzangu ni mtoto wa Mbinga, kazaliwa katikati ya mahindi, maharage na kahawa. Kwa akili ya kawaida, siku nikisema, "Baba Zawadi, hapa nyuma ya nyumba tuweke matuta mawili ya matembele," mtu wa kuchangamka ni yeye. Alininunia mpaka taarifa ya habari ya saa mbili.

Kiwanja chetu kiko Kivule, ishirini kwa ishirini, na nyumba imechukua nusu. Nusu ya pili ameimwagia kokoto. Ni maegesho. Gari hatuna, wala hatujawahi kuwa nalo, lakini maegesho yapo na yanafagiliwa kila Jumamosi. Mchicha unavunwa ndani ya wiki tatu nne. Hilo gari nalisubiri tangu Zawadi hajaanza chekechea, na sasa Zawadi yuko kidato cha pili. Wakati huohuo kila jioni tunanunua fungu la mchicha ambao muuzaji ukimuuliza umemwagiliwa maji ya wapi, anaanza kukohoa.

"Mama Zawadi," ananiambia, "mimi nilisoma ili nisishike jembe."

Nikachunguza ugonjwa huu ulianzia wapi, nikafika mpaka kwa Mwalimu. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alitoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea: shule iwe na shamba, mtoto asome huku akizalisha, asije akamaliza masomo akaanza kudharau kazi ya baba yake. Nia ilikuwa njema kabisa. Sasa sikiliza ilivyomfikia mume wangu kule Mbinga miaka ya 1980. Ukichelewa namba, matuta. Ukipiga kelele darasani, matuta. Ukiropoka Kimatengo mbele ya mwalimu, kung'oa kisiki. Waliofanya vizuri wanakaa kivulini wakiwatazama wenzao. Mtoto akikaa miaka saba ndani ya utaratibu huo, hata asahau jedwali la kuzidisha, hili hatalisahau: jembe ni la mkosaji. Halafu leo mimi mkewe namkabidhi jembe Jumamosi asubuhi, majirani wakiona. Lazima aulize amekosa nini.

Na si jembe peke yake. Kubana matumizi kokote kwake kunanuka uhaba. Alikuwa mdogo mwanzoni mwa miaka ile ya 1980, lakini anakumbuka foleni, anakumbuka unga wa njano ambao watu waliuita yanga, na anakumbuka nguo zikifuliwa kwa majani ya mpapai kwa sababu sabuni haionekani. Siku niliporudi kutoka kikoba na ujuzi wa kutengeneza sabuni ya maji, nikamweleza kwa furaha zote, aliuliza swali moja: "Tumerudi kwenye mpapai?"

Nilimjibu kwa vitendo. Ndoo ya lita 20, salfoniki, slesi, soda ashi, chumvi, rangi ya kijani na marashi ya limao. Unakoroga kwa mwiko upande mmoja tu, bila kugeuza, mpaka bega liombe msamaha, kisha unaiacha ilale usiku kucha povu lishuke. Asubuhi ilikuwa nzito, inang'aa, ukiinua kikombe inavutika. Tumefulia, tumeoshea vyombo, tumedekia. Yeye anadai inamtelezesha vidole. Juzi napanga begi lake la kazini nikakuta kipande cha sabuni ya dukani kimefichwa ndani ya soksi. Wenzangu wakipekua mabegi ya waume zao wanakuta namba za simu za wanawake. Mimi nakuta sabuni.

Umeme ndio unaonipandisha presha. Sisi tuko kwenye kundi la matumizi madogo: uniti 75 za mwezi ni shilingi 100 kila moja kabla ya makato, na ukizivuka, kila uniti inayofuata ni 350. Kwa hiyo mwezi wa nyumba hii hauishi tarehe 30, unaisha uniti ya 75. Nimetundika daftari pembeni ya mita, naandika kila jioni. Pasi ya wati 1,000 ikiwaka saa nzima inameza uniti nzima. Nimemwomba apige nguo zote Jumapili kwa mkupuo, pasi ikiwa imeshapata moto. Hataki. Anaipasha kila asubuhi kwa ajili ya shati moja, kwa madai kwamba shati lililopigwa Jumapili, likifika Alhamisi linakuwa na mawazo.

Mafuta ya kula nayo. Mimi nataka dumu la lita 20, linunuliwe mara moja, likae jikoni. Yeye akishuka kwenye daladala anapitia dukani, anarudi na mafuta ya kupima kwenye kimfuko, kama mpangaji wa mwezi wa kwanza. Namwambia ukinunua kidogo kidogo unamlipa muuzaji hadi pumzi aliyopulizia mfuko. Ananijibu kwamba dumu likiwepo, kila kitu humu ndani kitakaangwa, hata maembe. Hapo ana hoja kidogo, ila naomba ibaki kati yangu na wewe.

Kilichomtikisa mara ya kwanza ni ukame. Nilikuwa nimefunga gata kwenye bati zima la nyumba na kuweka tangi la lita 5,000, kwa pesa za mzunguko wangu wa kikoba. Alilalamika kwamba nimeiharibu sura ya nyumba. Likajaa wakati wa masika, nikalitia kufuli. Ikaja ile miezi ya mwisho ya 2022, maji ya Mto Ruvu yalipopungua na Dar es Salaam ikaingia kwenye mgao. Majirani wakaanza kuja na ndoo. Jioni moja natoka ndani nikamkuta Baba Zawadi ameweka kiti cha plastiki juu ya kokoto zake, amekunja nne, anawatolea watu somo la uvunaji wa maji ya mvua. Bati la ukubwa huu linatoa lita ngapi, mvua ya kwanza uiache isafishe paa, tangi lifunikwe mbu wasizaliane. Maneno yangu yote, mpaka pale ninapopumzika. "Mimi hili niliona mapema," akawaambia. Yeye! Nikarudi ndani kimya nikakorogea ugali hasira zangu.

Lakini nilipata kitu pale. Nilikuwa napoteza muda kumpigia hesabu. Mume wangu hashawishiki na hesabu, anashawishika na hadhira. Jembe aliaibishwa nalo mbele ya shule nzima. Akilikubali tena atalikubali mbele ya watu, si chumbani tukiwa wawili na kikokotoo.

Nikajiona mjanja. Nikatoa kokoto kwenye kona moja, nikapiga matuta yangu ya matembele na viroba vya sukuma wiki, na miche ya mipapai nikaiotesha kwenye ile mifuko ya rambo iliyopigwa marufuku Juni 2019, ambayo bado ninayo michache chini ya godoro (msinitaje). Kisha nikamwita mama mkwe.

Hesabu yangu ilikuwa hivi. Mama mkwe ni mama wa ngoro. Kwa asiyejua, Wamatengo wanafyeka nyasi, wanazilaza kwa miraba kwenye mteremko, halafu wanachimba udongo katikati ya kila mraba na kuzifukia zile nyasi. Kilima kizima kinajaa vishimo. Mvua ikinyesha maji yanatua humo badala ya kuondoka na udongo, na nyasi zinaoza chini kwa chini zinakuwa mbolea. Wataalamu wametoka Japani kwenda kuzisoma ngoro hizo. Mwanamke aliyeinama kwenye vilima vile maisha yake yote, nilijua, akiona bustani yangu atamgeukia mwanawe na kumwambia: shika adabu, fuata mkeo.

Mama akafika. Nikampeleka nyuma ya nyumba kabla hata hajanywa maji. Akasimama. Akatazama matembele, akatazama viroba, akatazama ndoo ya maganda ninayoozesha mboji. Akashika ncha ya kanga, akajifuta macho. Kisha akanivuta pembeni, sauti chini:

"Mwanangu, kazi amefukuzwa lini?"

Nilimweleza kwamba yuko kazini, mshahara unaingia, hii ni kujitegemea tu. Alinisikiliza kwa huruma, kama wauguzi wanavyomsikiliza mtu anayesema haumwi. "Mtu mwenye mshahara halimi nyuma ya choo," alisema, na mjadala ukaishia hapo. Alipofika Mbinga akatuma gunia la maharage na unga wa dona kwa basi. Nililipokea stendi ya Mbezi nikiwa na aibu ambayo sikujua niipeleke wapi. Nasikia jumuiya ndogondogo kule kwao ilituweka kwenye nia zake kwa muda. Na Baba Zawadi, alipomwona kijana wa guta anashusha gunia lile getini, alicheka mpaka akakaa chini. "Unaona? Ukitulia, chakula kinakuja chenyewe."

Kuku niliwaleta bila kuuliza mtu, Baba Zawadi akiwa semina Dodoma. Machotara, na matetea wachache wa kienyeji wa kuatamia. Aliporudi jogoo alimpokea saa kumi alfajiri, chini ya dirisha la chumba chetu. Siku nzima sikusemeshwa. Jioni alileta hesabu yake (siku hizo hesabu anazijua): ukijumlisha mbao, waya, pumba na dawa, yai la kwanza la nyumba hii limegharimu bei ya kuku mzima. Nikamwambia banda ni mtaji, na mtaji hauhesabiwi kwenye yai. Akasema twende tukamuulize mhasibu. Nikamwambia mhasibu alete kuku wake.

Ikaja siku ya chanjo ya kideri. Ni tone moja jichoni, na inarudiwa kila baada ya miezi mitatu. Ukishaifungua chupa ni vizuri uwamalize wote siku hiyohiyo. Mimi na Zawadi tukaanza kukimbizana na tetea mmoja, kaingia kwa jirani, katoka, kaingia chini ya tangi. Baba Zawadi amekaa barazani na simu yake, anaguna. Mwisho akavua viatu. Akaingia bandani polepole, akichuchumaa, akitoa mlio fulani wa kooni ambao sijawahi kumsikia akiutoa kwa binadamu yeyote. Mkono wa kushoto ukakusanya mbawa zote mbili, wa kulia ukageuza kichwa, kidole gumba kikafungua kope, nikadondosha tone, kuku akapepesa, huyoo chini. Mwingine. Mwingine. Alikuwa anafanya bila kutazama, huku akinieleza kwamba kwao kazi hii aliifanya kabla hajaota meno ya utu uzima. Jirani akachungulia juu ya ukuta. "Mzee, kumbe mtaalamu!" Nikaona kifua kinavyopanda. Alipomaliza alikwenda kunawa. Kwa sabuni yake ya soksi.

Tangu hapo mambo yamekwenda kwa namna yake. Jembe bado hagusi. Matembele anayala na kuyasifu lakini kuyamwagilia ni kazi ya "wenye bustani". Ila kuku wamekuwa kuku wetu. Mgeni akija anapelekwa bandani kabla ya sebuleni. "Sisi hapa mayai hatununui," anasema, na ile "sisi" inanichoma kuliko pilipili kichaa yangu.

Sasa amehamishia sifa ofisini. Kila Jumatatu anaondoka na trei ya mayai kwenye kapu. Amewaambia wenzake anafuga, tena kisasa, na kwamba mkewe "anamsaidia". Nilipouliza pesa ziko wapi, nikaambiwa mayai yamekwenda kwa mkopo, watalipa mwisho wa mwezi, ni watu waungwana. Mwisho wa mwezi ukapita. Mwingine ukapita. Kuku wanakula pumba za pesa taslimu, mayai yanaondoka kwa ahadi, na mimi nimekuwa mdai wa idara nzima ya watu ambao sijapata hata kuwaona sura. Ninayo majina yote. Kuna wa mapokezi, kuna wa masjala, kuna bosi mwenyewe ambaye peke yake anadaiwa trei mbili na nusu.

Nimemwambia Baba Zawadi kwamba tarehe ya mshahara nitakuwa getini kwao na daftari langu. Anasema nitamwaibisha. Amenibembeleza, ameahidi kupiga pasi Jumapili, ameahidi dumu la mafuta, na jana usiku, kwa hiari yake, kataja kwamba hata zile kokoto zinaweza kusogezwa kidogo. Nimezipokea ahadi zote, nimeziandika. Getini nitakwenda vilevile; wenye madeni waandae na chenji.