Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Waziri: Utufundishe kukutana

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum,
Dodoma.

Mheshimiwa Waziri,



Kwa unyenyekevu mkubwa naomba uniruhusu nibishe hodi kwa njia hii ya barua. Najua meza yako inabeba mafaili ya nchi nzima, na kila faili lina mtu anayelisubiri. Iwapo nitakuchelewesha, nakuomba radhi kabla sijaanza. Mimi ni katibu wa kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa. Kazi yangu ni kushika daftari la mahudhurio, na daftari hilo ndilo lililonipa ujasiri wa kukuandikia. Ombi langu kuu ni hili: Wizara yako, kupitia maafisa maendeleo ya jamii walioko kwenye kata zetu, itufundishe kufanya mikutano inayotujengea upendo na ari, kwa gharama ambayo mwanachama mnyonge kuliko wote ataimudu.

Kwanza nishukuru, maana asiyeshukuru kidogo hashukuru kingi. Halmashauri zetu zinatenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo iliposimamishwa mwaka 2023 tulihuzunika, na iliporejeshwa mwaka 2024 tulipiga vigelegele. Tunajua haikurudi yenyewe. Kuna watu walioipigania, na Mungu awalipe.

Lakini kwa sisi wanawake mikopo ile, Mheshimiwa, hapewi mtu peke yake. Hupewa kikundi. Na kikundi ni watu waliokubali kudhaminiana, yaani mwenzako akikwama, na wewe umekwama. Utaratibu wa VICOBA tunaoufuata una asili yake Maradi, nchini Niger, ambako shirika la CARE lilianza na wanawake wa vijijini mwaka 1991. Sanduku lina kufuli tatu, na funguo zinakaa kwa watu watatu tofauti. Wanachama wanakaa watano watano na kudhaminiana. Kuna hisa, kuna faini, kuna mfuko wa jamii. Ni utaratibu mzuri na umetulindia fedha zetu. Hata hivyo kufuli tatu humzuia mwizi tu. Hazimrudishi mkutanoni mama aliyeanza kujitenga.

Kwa idhini yako nikueleze jinsi kikundi kinavyokufa, kwa sababu mauti yake huanza mapema sana, kabla hata ya deni kuchelewa. Mama anakosa fedha ya hisa wiki moja, anaona haya kuja mikono mitupu. Wiki ya pili anamtuma mtoto na fedha. Wiki ya tatu na wengine wanatuma watoto. Mkutano unabaki kuwa foleni ya kulipa: majina yanasomwa, noti zinahesabiwa, faini zinatajwa, watu wanaondoka. Hapo hakuna tena anayejua kwamba mume wa fulani amelazwa au kwamba genge la fulani limevunjwa. Marejesho yanapochelewa, tunakwenda nyumbani kwake kwa mara ya kwanza, na tunakwenda kudai. Mheshimiwa, ugeni wa namna hiyo unaumiza anayedai kama unavyomuumiza anayedaiwa.

Tunapojaribu kurudisha uchangamfu, mara nyingi tunakimbilia gharama. Tunakodi ukumbi, viti vya plastiki na spika. Tunachangishana soda na biriani. Zaidi ya yote tunashona sare: moja ya uzinduzi, nyingine ya Siku ya Wanawake, 8 Machi, nyingine ya kumpokea mgeni rasmi. Naomba nieleweke vizuri, sisi tunaipenda sare. Mwanamke wa pwani na kanga za kufanana hawajaanza kujuana leo. Lakini doti ya kitenge pamoja na fedha ya fundi ni hisa za wiki kadhaa kwa mama anayeuza mihogo ya kukaanga. Akikosa sare, hukosa mkutano. Kile tulichonunua ili kituunganishe kinamtoa nje yule tuliyemkusudia.

Jambo hili lina historia ndefu pwani yetu. Mombasa, miaka ya 1930 na 1940, vyama vya wanawake vya ngoma ya lelemama vilikuwa na nguvu kubwa. Wanawake walipeana vyeo, walizikana, walifanyiana harusi kwa shangwe na walikuwa na sauti mjini. Lakini vyama hasimu vilishindana kwa mavazi na karamu, na fedha nyingi ziliteketea katika kushindana huko. Kilichowaunganisha wanawake wale kilikuwa ngoma, zamu na kuzikana. Karamu ya kumshinda jirani iliwachosha.

Dar es Salaam nako tuna ushahidi, na huu, Mheshimiwa, ni fahari ya taifa letu. Mwaka 1955 Bibi Titi Mohamed alipokabidhiwa kazi ya kuwaingiza wanawake katika chama cha TANU, hakuwa na ukumbi wala fungu la vitafunwa. Alikuwa mwimbaji wa kikundi cha ngoma, na alikwenda kwa akina mama kupitia vikundi vya ngoma ambavyo tayari walikuwa wanapendana ndani yake. Watu waliokwisha kuimba pamoja walikuwa wepesi kusimama pamoja. Kwa heshima zote nasema kwamba Uhuru wa nchi hii uliungwa mkono na mikutano ya akina mama isiyokuwa na bajeti.

Sasa, kwa ruhusa yako, nitaje mambo machache ambayo akina mama wameyajaribu mitaani na vijijini, na ambayo hayahitaji risiti.

La kwanza ni hali kabla ya hisa. Mkutano ukifunguliwa, sanduku libaki na kufuli zake kwanza. Kila mmoja aulizwe hali yake na apewe nafasi ya kusema jambo moja, zuri au zito. Asiyetaka kusema aseme salama tu, na asidodoswe. Katibu aandike wagonjwa, wazazi na wafiwa, na zamu za kuwatembelea zipangwe palepale. Ikifika zamu ya fedha, kila aliyeketi anamjua mwenzake amefikaje siku ile. Mama aliyekosa hisa anakuwa amekwisha kusema kwa nini, wala hana haja ya kumtuma mtoto.

La pili ni wimbo wa zamu. Tanga ina Wasambaa, Wadigo, Wabondei, Wazigua, na wengi waliohamia kutoka kila pembe. Kila mkutano mama mmoja afungue kwa wimbo wa kwao na awafundishe wenzake kiitikio. Mama mkimya ambaye hajawahi kunyoosha mkono kwenye ajenda huongoza watu siku hiyo, na baada ya hapo sauti yake husikika hata kwenye mambo ya mikopo.

La tatu ni kazi mikononi. Akina mama wa pwani tangu zamani huongea vizuri zaidi mikono ikiwa na shughuli. Aje mwenye ukili wake asuke, mwenye mchele wake achambue, na wawili wasukane nywele wakisubiri wengine wafike. Muda wa kusubiri, ambao huzaa manung'uniko na faini, unakuwa baraza. Na siri zinazohitaji msaada husemwa macho yakiwa kwenye ukili, kwa sababu anayesema hatazamwi usoni.

La nne ni kanga. Kila mama ana kanga nyumbani, mpya au kuukuu. Siku moja katika mwezi kila mmoja aje na kanga yenye maneno aliyoyachagua, wenzake wabashiri kwa nini ameichagua, kisha mwenyewe aeleze. Kuna vicheko, na wakati mwingine machozi. Tunajuana kwa undani ambao fomu ya uanachama haiulizi.

La tano, ambalo mimi nalithamini kuliko yote, ni somo. Mila zetu za pwani zinamjua somo: mwanamke anayemshika mkono mwari, akamfunza, akamsitiri, na akabaki wake maisha yote. Mwanachama mpya apewe somo ndani ya kikundi. Kazi ya somo ni kumpitia waje pamoja, kumweleza katiba, na kuwa wa kwanza kubisha hodi kwake asipoonekana. Mtu akiwa na somo haachi kikundi kimyakimya.

Hekima hii, Mheshimiwa, wanaijua hata wenzetu wa mbali. Mwaka 1908 katika Chuo Kikuu cha Howard mjini Washington, wasichana weusi wakiongozwa na Ethel Hedgeman walianzisha udugu wao wa Alpha Kappa Alpha, katika nchi iliyowabagua kwa rangi na kwa jinsia. Mwaka 1913 wenzao wa chuo hichohicho wakaanzisha Delta Sigma Theta, na kabla ya miezi miwili kutimia walikuwa wametoka pamoja kuandamana Washington kudai haki ya wanawake kupiga kura. Vyama hivyo vina rangi zake, nyimbo zake na miito ya kuitana, na dada aliyetangulia humlea anayefuata. Msichana akihitimu, udugu haumwishi. Kamala Harris, aliyekuja Dar es Salaam Machi 2023 akiwa Makamu wa Rais wa Marekani, aliingia Alpha Kappa Alpha akiwa mwanafunzi wa Howard, na hadi leo ni dada wa wenzake. Ikiwa wasomi wale waliona haja ya somo na wimbo, sisi wa mitaani tusione haya kuviita vyetu.

La sita ni chai yenye kikomo. Kula pamoja kunaunganisha, kwa hiyo chai iwepo kwa zamu. Lakini katiba ya kikundi itaje kikomo: chai ya rangi yenye tangawizi, na mihogo ya kuchemsha au maandazi, basi. Mwenye uwezo asizidishe, ili mama wa zamu inayofuata asilale macho wazi akifikiria atakopa wapi. Kikomo hicho ni sitara kwa mnyonge.

La saba ni msaragambo. Mara moja kwa msimu kikundi kiende kwa mwanachama mmoja kumfanyia kazi iliyomshinda: kupalilia shamba la aliyejifungua, kukandika ukuta wa mjane, kusomba maji penye msiba. Jasho la pamoja hubomoa kiburi na kinyongo. Anayechelewesha marejesho baada ya kufanyiwa hivyo huja mwenyewe kueleza kabla hajafuatwa.

Mheshimiwa Waziri, baada ya hayo naleta maombi manne, kwa kuinamisha kichwa.

Naomba vyuo vinavyowaandaa wataalamu wetu, kama Taasisi ya Maendeleo ya Jamii Tengeru na chuo cha Mabughai kilichoko hapa kwetu Lushoto, viwafunze wanafunzi namna ya kuendesha mkutano wa kikundi wenye uhai, kama wanavyofunzwa kukagua vitabu vya fedha.

Naomba, ukishauriana na wenzako wa TAMISEMI, itamkwe wazi kwamba mama hatazuiwa kushiriki 8 Machi au mkutano wowote wa hadhara kwa kukosa sare. Kanga aliyo nayo itoshe.

Naomba shughuli za wageni rasmi zizingatie muda wetu. Tunawapenda viongozi wetu na tunajisikia vibaya wanapochelewa kwa sababu zisizo zao. Lakini mama anayekaa juani tangu saa mbili asubuhi hadi adhuhuri amepoteza biashara ya siku nzima, na mara nyingi hiyo ndiyo hisa yake ya wiki.

Na naomba afisa wa kata atutembelee hata msimu usio na mikopo. Tunajua kata ni kubwa, usafiri ni shida, na maafisa wengi wanafanya kazi kwa kujitolea kupita mshahara wao. Lakini afisa anayetuona wakati wa fomu na wakati wa deni hawezi kujua lini tulianza kuachana. Akipita hata robo saa katikati, atasoma kwenye daftari la mahudhurio kile ambacho daftari la marejesho litamwambia baada ya miezi mingi, wakati kuokoa kumeshakuwa kugumu.

Sisemi haya kwa kuilaumu Wizara yako. Ninayasema kwa sababu fedha za umma mnazotupa ni amana, na amana hiyo inalindwa na wanawake wanaojaliana kuliko inavyolindwa na tishio la mahakama. Mwanamke hulipa deni la kikundi kwa kujinyima pale anapoona kwamba kulikimbia ni kuwakimbia ndugu zake.

Mwisho, kwa heshima na taadhima, tunakualika. Ukipata nafasi katika ziara zako, uje kwenye mkutano wetu wa kawaida wa wiki, siku ambayo hakuna hundi ya kukabidhi wala utepe wa kukata. Utakaa nasi mkekani na utaulizwa hali yako kabla hatujagusa sanduku. Tutakupa somo wa kukuelekeza taratibu zetu. Na ukiona tunayoyafanya yanafaa, tunakuomba uyapeleke kwenye kila kata ya nchi hii.

Mungu akujalie afya na subira katika kazi yako.

Wako mtiifu,

Katibu wa kikundi cha akina mama,
Tanga.