Namna ya Kudai Ulijua Tangu Mwanzo

Hakuna kinachomkera msomaji hodari kama kufika sentensi ya mwisho ya hadithi akabaki ametoa macho. Dawa ipo: rudi ukurasa wa kwanza, okota vidokezo vyote, kisha jitokeze mbele za watu kama mtu asiyeshangazwa na lolote. Tutajifunzia kwenye "La casa de Asterión", hadithi ya Jorge Luis Borges wa Argentina iliyotoka mwaka 1947 na kuingizwa katika kitabu chake El Aleph mwaka 1949. Ni ya kurasa chache tu. Utamaliza uchunguzi kabla chai haijapoa.

Onyo: kuanzia hapa siri zote ziko nje. Kama hujaisoma, nenda kaisome ushangae kihalali.

1. Anzia mlangoni. Kabla hadithi haijaanza kuna nukuu fupi ya Apollodorus, mkusanyaji wa visasili vya Wayunani: malkia alijifungua mwana, akaitwa Asterión. Jina la mtuhumiwa, cheo cha mama yake na chanzo cha habari, vyote umekabidhiwa mapema, nawe ukaviruka ili uwahi hadithi. Sasa pigia mstari, uandike pembeni "Bila shaka!" Tumia penseli butu, mwandiko uonekane wa zamani.

2. Jifanye dalali, kagua nyumba. Haina samani. Milango haina idadi na haifungwi usiku wala mchana. Mwenyewe, Asterión, ambaye ndiye msimulizi, anajigamba kwamba haina mfano duniani. Mle ndani mna nyua, visima, mabirika ya kunyweshea, na mahori. Simama hapo kwenye mahori. Mwana wa malkia anakutajia hori la kulishia mifugo nyumbani kwake, nawe hukuuliza anayekula humo ni nani.

3. Usilazimishe hesabu. Asterión anasema kila kitu kwake ni 14, na tanbihi inadokeza kwamba kinywani mwake 14 maana yake ni vitu visivyo na mwisho. Hapa wapelelezi wengi hupagawa, kwa kuwa kisasili kinasema Athens ilipeleka Krete wavulana 7 na wasichana 7 waliwe na Minotaur, kiumbe mwenye mwili wa mtu na kichwa cha fahali. Jumla 14! Tulia. Katika hadithi hii wanaoingia ni watu 9, kila baada ya miaka 9. Kidokezo kikikataa, kiache kiende zake.

4. Chunguza mikono. Hao 9 huanguka mmoja baada ya mwingine bila Asterión kuchafua mikono yake kwa damu. Mara ya kwanza ulidhani ni ibada ya heshima. Sasa uliza: basi aliwaua kwa kitu gani? Rudi aya kadhaa nyuma, anaposimulia anavyokimbia kwenye korido za mawe mfano wa kondoo dume anayetaka kupiga kichwa. Weka kalamu chini, jipapase paji la uso, endelea.

5. Mtafute aliyekudanganya. Jioni moja Asterión alitoka barabarani, akatishwa na nyuso za watu, ambazo aliziona bapa kama kiganja. Watu nao wakakimbia, wengine wakaokota mawe. Ukamwona ni bwana mwenye maringo asiyependa watu wa kawaida. Hakusema uongo hata kidogo. Alisema "mimi", ukamvisha uso wako, na Borges hakuwa na haja ya kuficha kitu kingine.

6. Usiishie kwenye pembe. Kugundua kwamba msimulizi ndiye Minotaur ni kazi ya nusu saa. Kinachouma ni taarifa ya Theseus, aliyemuua, kwa Ariadne, pale mwishoni, kwamba yule mnyama karibu hakujitetea. Hilo nalo lilitangazwa. Mmoja wa waliokufa alimtabiria kwamba iko siku mkombozi wake atakuja, na tangu hapo upweke haukumuuma tena. Akabaki kujiuliza kama mgeni huyo atakuwa mtu au fahali. Hata kabla ya hapo alikuwa na mchezo wa kujifanya Asterión mwingine amemtembelea, akimzungusha kumwonyesha nyumba. Ulipitia aya hiyo ukitafuta ushahidi dhidi yake, yaani ukafanya kazi ileile ya wale waliookota mawe. Katika maneno ya mwisho ya El Aleph, Borges anamwita maskini, na anasema deni lake ni kwa mchoro wa mchoraji Watts. Mchoro huo wa mwaka 1885 uko Tate, London: Minotaur ameegemea ukuta, anatazama bahari, na chini ya mkono wake mmoja kuna ndege mdogo aliyepondwa. Ukiweza kumwonea Minotaur huruma na kumwona yule ndege kwa mpigo mmoja, umesoma.

7. Acha kesi moja wazi. Asterión anakiri hajui kusoma, na maandishi anayadharau. Basi nani aliyaandika haya, na nani aliyeweka ile tanbihi akijifanya anaijua maana ya 14? Ukikosa jibu usijiumize. Mwazime kitabu rafiki mwenye majivuno kuliko wewe, umwambie jibu limo, linaonekana waziwazi, na unashangaa kwamba bado hajaliona.