Mafuta ya Mwani: Tunahesabu Kutoka Saba

Haya jamani, sogeeni. Mwani mdogo, ule wa kuonekana kwa hadubini unaogeuza maji ya tangi kuwa kijani, unatengeneza mafuta ndani ya seli yake, na mafuta hayo yakichakatwa yanakuwa dizeli au mafuta ya ndege. Hilo halina ubishi. Ubishi ni mbona hatujayaona vituoni. Nina mambo saba, na zito kuliko yote liko mwisho, kwa hiyo usiruke.

7. Si kila mwani una mafuta.
Mwani wanaoulima akina mama wa Paje na Jambiani kwa kamba na vigingi unauzwa kwa ajili ya utomvu wake unaogandisha vyakula na dawa ya meno. Spirulina ya maziwa ya magadi kama Bogoria, zaidi ya nusu ya uzito wake mkavu ni protini. Heroe wanaoila wanashiba, gari halitembei.

6. Kuruka, umesharuka.
Januari 7, 2009, ndege ya Continental aina ya Boeing 737 ilipaa Houston, injini yake moja ikichoma mchanganyiko wenye mafuta ya mwani na ya mbono. Ikarudi salama. Aliyekuwa akisema haiwezekani, tangu siku ile ana swali jipya: kwa bei gani?

5. Bei. Kaa chini kwanza.
Kwa mazoezi ya mwaka 2012 kule Hawaii, jeshi la majini la Marekani lilinunua galoni 450,000 za mafuta yaliyotokana na mwani na mafuta ya kupikia yaliyokwishatumika. Lililipa dola milioni 12. Gawanya: zaidi ya dola 26 kwa galoni, karibu dola 7 kwa lita. Kwa bei hiyo konda anakushusha kabla hujakaa.

4. Mwani wa gizani.
Kampuni ya Solazyme ya California haikuhangaika na jua. Iliufungia mwani ndani ya matangi na kuulisha sukari, nao ukanenepa kwelikweli. Lakini sukari inatoka kwenye miwa, na miwa inataka shamba. Ile sifa ya mwani kutogombea ardhi na chakula ikaishia hapo. Mwaka 2016 kampuni ikabadili jina na kugeukia vyakula, 2017 ikafilisika.

3. Mwani nao unakula.
Kilo moja ya mwani mkavu inahitaji karibu kilo 1.8 za hewa ya ukaa, na juu yake nitrojeni na fosforasi. Ukinunua mbolea dukani umekwisha. Ndiyo maana naona pa kuanzia ni majitaka. Mabwawa ya Dandora, kule Ruai nje ya Nairobi, tayari yanategemea mwani kuwapa oksijeni bakteria wanaosafisha maji ya jiji. Chakula kipo, tena bure, na ni wageni wachache tunaofurahi hivi wakila sana.

2. Maji, maji, maji.
Bwawa la mwani lina kina cha sentimita 20 hadi 30, na magurudumu ya makasia yanayozungusha maji mchana kutwa. Maji yanaonekana mazito, lakini ni udanganyifu wa macho: lita 1,000 zinaweza kukupa nusu kilo tu ya mwani mkavu. Tuseme robo yake ni mafuta. Umepata gramu 125, vikombe viwili hivi vya kahawa, vile vidogo vya barazani. Ili uvipate umechuja tani nzima ya maji, ukakausha tope, ukakamua, na kila hatua imekula umeme. Hapa ndipo nishati inapotumika kutafuta nishati, na mahesabu mengi mazuri yamezama kwenye kina hicho cha sentimita 30.

1. Mwani ukinenepa, haukui.
Kuanzia 1978 hadi 1996 serikali ya Marekani ilitumia karibu dola milioni 25 kuuchunguza mwani. Watafiti walikusanya aina zaidi ya 3,000. Waliona kwamba ukiunyima nitrojeni, mwani hujaza mafuta. Shangwe! Ila mwani wenye njaa huacha kugawanyika, kwa hiyo asilimia inapanda lakini jumla ya mafuta haipandi. Kwenye mabwawa ya mradi huo kule Roswell, New Mexico, siku nzuri ilitoa hadi gramu 50 za mwani kwa kila mita ya mraba. Kisha baridi ikaingia, na wastani ukaanguka.

Mwaka 2017 kampuni za Exxon na Synthetic Genomics zilitangaza kwamba kwa kurekebisha jeni moja zimeongeza mafuta ya mwani wa Nannochloropsis kutoka asilimia 20 hadi zaidi ya 40, bila kuudumaza sana. Hiyo ni kazi kubwa, na naiheshimu. Mwaka 2023 ikajulikana kwamba Exxon imejitoa. Fundo lenyewe, la kunenepa bila kukua, lilikuwa limeanza kulegea, na ndiyo maana nataka fedha za umma ziendelee pale kampuni ilipochoka.

Mtu akikujia na mradi wake, muulize: gramu ngapi kwa mita ya mraba kwa siku, wastani wa mwaka mzima, baridi ikiwemo? Akikutajia siku moja ya jua kali, mpe chai, pesa usimpe.