Mita Chumbani kwa Shangazi

Nyumba yetu ya Tabata haikujengwa, iliongezwa. Mzee alianza na vyumba viwili na baraza la nyuma, na kila alipopata pesa au mgeni, aliongeza ukuta. Mita ya umeme ilifungwa zamani kwenye ukuta wa baraza, mahali pake hasa: nje, pakavu, usawa wa macho. Kisha baraza likazibwa likawa stoo. Stoo ikapigwa plasta ikawa chumba. Chumba kikampata Shangazi, aliyekuja kutoka Lushoto kung'oa jino na hajaondoka hadi leo. Katika mabadiliko yote hayo mita haikusogea hata inchi moja, nyumba ndiyo iliyoizunguka, mpaka tukajikuta tuna chombo cha shirika la umeme juu ya mto wa Shangazi, kikimmulika kwa kijitaa chekundu usiku kucha.

Kama hujaishi na LUKU ya zamani, ile yenye vitufe vyake mwilini, huwezi kujua ni madaraka gani tuliyomkabidhi mwanamke yule. Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo: unalipa kwa simu, unatumiwa namba 20, unazibofya, taa zinawaka. Kwetu kulikuwa na hatua moja zaidi, nayo ni kupiga hodi. Umeme ukikata katikati ya mechi, dume zima lenye ndevu linasimama gizani mbele ya mlango, linasema kwa sauti ya mtoto wa chekechea, "Shikamoo Shangazi, umeme umeisha."

"Marahaba. Umeishaje? Jana si ulinunuliwa?"

Hapo kesi inafunguliwa. Nani alipiga pasi suruali moja mara mbili? Nani kaacha hita kwenye ndoo? Mashahidi wanaitwa, mpangaji wa chumba cha uani anatajwa, anajitetea kupitia dirishani. Hukumu ikishatoka ndipo komeo linavutwa, na mshtakiwa anapanda kitandani kwa magoti, chandarua kimemkaa kichwani, huku Shangazi akimsomea namba mbilimbili. Ukikosea moja, mnaanza upya, na ushahidi nao unaanza upya.

Kilichotumaliza ni mwaka 2024. Mfumo wa namba hizi ulikuwa ukihesabu muda kwa dakika tangu mwanzo wa mwaka 1993, na hesabu hiyo ilikuwa inafika ukomo tarehe 24 Novemba 2024, si kwetu tu bali kote duniani wanakotumia mfumo huo. Ili mita ziendelee kupokea namba za umeme, ilibidi kila moja iingiziwe kwanza namba za kuiweka upya. Badala ya namba 20 tukatumiwa mafungu matatu ya namba 20. Kazi hiyo nzito akaichukua Mzee mwenyewe, na miwani yake yenye mkono mmoja. Namba 60, kitandani kwa dada yake, usiku, na dada mtu anauliza kama huko kunafunguliwa akaunti ya benki. Mzee alitoka jasho likimchuruzika, akatangaza mbele ya familia nzima kwamba mita inahama.

Kijiweni kwetu habari ya namna hiyo haimalizi saa moja bila kumpata kishoka. Wetu alifika na plaizi mfuko wa nyuma na testa sikioni. Kitambulisho hakuwa nacho, leseni aliisahau nyumbani, na nyumbani hakusema ni wapi. Mpango wake ulikuwa mfupi.

"Mzee, hii ni dakika ishirini. Tunasubiri umeme ukatike mtaa mzima, tunaing'oa, tunaipachika pale nje. Ukirudi unaikuta imeshakaa."

Sauti ikatoka nyuma ya pazia. "Na ukirudi ukiwa umeushika?"

"Bi mkubwa, mimi nina ndala."

Nimesikia mengi yakisemwa juu ya ndala za mpira, lakini sijawahi kuona mtu akiziwekea dhamana ya roho yake mchana kweupe. Wengi hudhani ukishazima meni swichi umezima kila kitu. Umezima nyumba tu. Waya unaotoka nguzoni hadi kwenye mita bado una volti 230, na ndani ya nyumba yako hakuna swichi inayouzima. Wanaoweza kuukata ni watu wa shirika, kwa kupanda nguzo. Umeme wa mgawo nao hurudi bila hodi, kinyume na taratibu za Shangazi.

Kishoka pia hakutaja lakiri, ile alama ya kufungia mfuniko wa mita. Kuikata ni kuichokoza mita ya watu, jambo ambalo sheria inalihesabu kuwa kosa, na anayeulizwa ni mwenye nyumba. Wakati huo kishoka anakunywa supu mtaa wa pili. Tena mita nyingi za LUKU zinahisi zikifunguliwa. Zinajifunga, zinakataa kutoa umeme hata kama una uniti za mwezi mzima, na kuzifungua ni lazima ukaombe namba maalumu kwa shirika, ambako swali la kwanza litakuwa: nani aliifungua?

Shangazi alimsindikiza kishoka hadi getini. Hakumpa nauli.

Ndipo Mzee akatafuta fundi mwenye leseni ya EWURA, mtu mpole mwenye kalamu ya risasi, ambaye kabla ya kugusa chochote alimwonyesha Shangazi leseni yake. Shangazi aliisoma mbele na nyuma. Fundi akaingia chumbani, akachora mstari ukutani kati ya mita na meni swichi.

"Mama, kuanzia hapa kuja huku ni kwenu, mimi naruhusiwa. Kuanzia hapa kwenda kule, mita na waya wa nguzoni, ni mali ya shirika. Siigusi."

Fundi angejua alichokianzisha, asingechora. Shangazi aliutazama mstari ule kwa muda mrefu. Kumbe miaka yote hii shirika lina kiwanja chumbani mwake, tena bila kulipa pango? Tangu 2021 serikali inakata kodi ya jengo kupitia LUKU, kila mwezi ukinunua umeme nayo imo. Yeye hakuona kwa nini makato yasiende na upande wa pili. Alitaka fundi amwandikie barua. Fundi akasema hiyo si kazi ya leseni yake.

Kikao cha kuchagua mahali papya kilichukua muda mrefu kuliko kazi yenyewe. Mama alitaka jikoni, ili ajue matumizi. Fundi akakataa, akionyesha mtungi wa gesi na sufuria inayotoa mvuke. Mpangaji akajitolea ukuta wa mlangoni kwake, kwa unyenyekevu uliotutia shaka wote, maana tungemkimbia Shangazi tumwangukie yeye. Mdogo wangu akapendekeza ukuta wa bafuni upande wa nje, ambao maji ya bomba yameufanya uote ukungu. Fundi alimtazama tu. Mwisho ukachaguliwa ukuta wa mbele, chini ya upenu, ambapo mvua haifiki na mkaguzi anaweza kusoma bila kumwamsha mtu. Fundi akapima tena. Waya wa kutoka mita hadi meni swichi sasa utakuwa mrefu zaidi, alisema, kwa hiyo tunanunua kipande kimoja kizima, kinene cha kutosha, si kuungaunga darini na kufunga tepu. Mzee, aliyekuwa ameshakusanya vipande vitatu stoo, akavirudisha kimyakimya. Na ethi? Fundi alienda kuitafuta ile fimbo ya shaba nyuma ya nyumba akaikuta inaanikiwa kanga, waya wake umekatika siku nyingi. Hakuna aliyejua. Hilo peke yake lilitosha kulipia ujio wake.

Ya ofisini sitayarefusha: fomu, mpima akaja kuona, makadirio, namba ya malipo kwenye simu, na onyo la kutompa mtu yeyote fedha mkononi, kisha kungoja. Kungoja ndiko kuliko na maelezo marefu, lakini kila msomaji ana yake.

Siku ya siku watu wa shirika walifika na ngazi, kofia ngumu na glavu, mmoja akapanda nguzo akakata laini. Shangazi aligoma kutoka chumbani. Shida yake ilikuwa uniti, kwa kuwa wiki ile umeme alikuwa amenunua yeye.

"Hizi zangu zinabaki wapi?"

"Ziko ndani ya mita, bi mkubwa. Inakwenda nazo."

Hakuridhika na maneno. Aliamuru salio lisomwe kabla ya kung'oa, akaliandika kiganjani kwa kalamu, akaifuata mita hadi nje, akasimama juani mpaka ilipofungwa, ikapigwa lakiri mpya na kuwashwa. Akalinganisha kiganja na kioo. Zilikuwa sawasawa hadi nukta.

Tangu siku hiyo mtaa una mshauri. Nyumba za kwetu zote zimekua kwa mtindo wa Mzee, kwa hiyo kuna mita iliyo ndani ya banda la kuku, kuna iliyo nyuma ya kabati la vyombo, na moja, nimeambiwa, imo chumba cha maharusi. Wenye nazo huja kwa Shangazi. Anawapangia foleni barazani, anawaeleza mstari wa fundi unapita wapi, anauliza habari za ethi kabla ya habari za watoto. Ushauri ni soda moja, baridi. Juzi alimsikia kishoka yule yule akibisha nyumba ya tatu kutoka kwetu. Alitoka na kanga moja, akamtimua, na mwenye nyumba alikuwa bado hajamaliza kusema karibu.